Vyuo Vitatu Vimemkubali, Achague Kipi? Shura ya Familia Moja ya Karatu

Kila mwaka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inapotangaza kukamilika kwa awamu ya kwanza ya udahili, nyumba nyingi za Waislamu huingia katika mtihani ambao hazikuutarajia. Kijana aliyekuwa akiomba dua usiku na mchana apate walau chuo kimoja, hujikuta amekubaliwa na viwili au vitatu. Furaha ya saa moja hufuatwa na mjadala wa wiki nzima. Baba ana chuo chake, mama ana chake, mjomba ana maneno yake, na mwenye kwenda kusoma yuko jikoni anaosha vyombo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu Karatu mwaka jana. Nayaandika haya kwa idhini ya binti yetu na mama yake. Siyaandiki kwa kuwa tuliamua vyema kuliko wengine, bali kwa kuwa nusura niamue vibaya, na kosa nililokaribia kulitenda nimeliona kwa wazazi wenzangu wengi.

NAMBA NDANI YA DAFTARI

Binti yetu alimaliza kidato cha sita katika tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, na Allah akamjaalia ufaulu mzuri. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wa shahada ya kwanza hupeleka maombi yao moja kwa moja kwenye vyuo, badala ya ule mfumo wa pamoja uliokuwapo kabla yake. Kwa hiyo aliomba vyuo kadhaa, akisaidiwa na kijana mmoja mwenye steshenari hapa mjini. Kwa kuwa binti hakuwa na simu yake mwenyewe, yule kijana aliandika namba yake, akaona amemaliza kazi.

Septemba ilipofika, upepo ukivumisha vumbi jekundu barabarani kama ilivyo ada ya mji wetu, tukaambiwa kuwa jina lake limo katika orodha za vyuo vitatu. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha udahili wake katika chuo kimoja tu, kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ule ulikwenda kwenye simu ya mwenye steshenari, naye alikuwa Mang'ola kwa biashara ya vitunguu, huko ambako mtandao huja na kupotea. Siku mbili zilipita tukimtafuta. Alipopatikana, alinisomea ile namba, nami nikaiandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na daftari hilo halibanduki mikononi mwangu.

Usiku ule nilikaa peke yangu sebuleni. Namba ninayo. Nywila za akaunti za vyuo vyote vitatu nimeandikiwa kwenye karatasi. Simu yangu ina kifurushi cha intaneti. Nikafungua ukurasa wa chuo nilichokitaka mimi, nikaingiza jina na nywila, ukabaki mguso wa mwisho. Mama wa nyumba akatokea, akaniuliza ninafanya nini. Nilipomweleza, hakupandisha sauti. Alisema, "Nilipotaka kumwachisha ziwa mtoto huyu tulikaa mimi na wewe tukashauriana, ukaniambia ni amri ya Qur'ani. Leo anaachishwa nyumba nzima, nawe unataka kuamua peke yako gizani?"

Nilifunga simu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Allah (S.W.) anazungumzia wazazi wanaotaka kumwachisha mtoto kunyonya, na anataja kuridhiana kwao na kushauriana kwao. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi katika darsa za ndoa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto huachishwa mara mbili, na kwamba ile mara ya pili, yeye mwenyewe ana ulimi wa kushiriki katika shauri.

JINA, DINI NA KAZI

Vyuo vilivyomkubali vilikuwa hivi. Cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa shahada ya sayansi na elimu, yaani ualimu wa sayansi. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro (MUM), kwa ualimu wa sayansi vilevile. Cha tatu ni Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichopo Mweka, juu ya mji wa Moshi, kwa shahada ya usimamizi wa wanyamapori.

Chuo nilichokuwa nikikithibitisha usiku ule ni cha kwanza. Sababu yangu niliisema mbele ya watu kuwa ni ubora wa elimu, na ubora huo upo. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, na tangu mwaka 1970 ni chuo kikuu kamili. Wamepita hapo mawaziri, majaji na marais. Lakini sababu ya ndani ilikuwa nyingine. Mimi mwenyewe katika ujana wangu niliitamani Mlimani nisiipate, nikaishia chuo cha ualimu. Nilipoliona jina la binti yangu katika orodha ile, niliona jina langu. Haya sikuyajua mpaka nilipoulizwa na mke wangu kama ualimu wa sayansi wa Dar es Salaam na ule wa Morogoro vina tofauti gani darasani, nikakosa jibu la haraka.

Yeye alisimama na Morogoro, na hoja zake si nyepesi. Kwa kizazi cha wazazi wetu, chuo kikuu cha Waislamu lilikuwa jambo la kusubiri kwa miaka mingi. Jumuiya ya EAMWS, iliyokuwa na nia ya kujenga chuo kikuu cha Waislamu nchini, ilipigwa marufuku mwaka 1968, na nia ile ikalala. MUM ilifungua milango yake mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, yaliyotolewa kwa Waislamu katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa. Wapo wazee waliolia siku ile. Mke wangu alisema, "Wazee wamengoja miaka yote hiyo, chuo kimepatikana, kimemkubali mwanetu, nasi tukikatae?" Akaongeza kuwa huko hatahitaji kumweleza mtu kwa nini anajifunika, wala kuomba ruhusa ya kwenda kuswali. Tena Morogoro anaishi shangazi yake, dada yangu, ambaye nyumba yake iko wazi kwetu sote.

Mweka hakikuwa na mtetezi. Bibi yake, aishiye Mto wa Mbu, alipoambiwa kwa simu alidhani tunatania. "Mtoto wa kike wa Kiislamu, na simba?" aliuliza. Nami nilikuwa nimekiweka chuo hicho kando kabla ya kukisoma.

BARAZA LA BAADA YA IJUMAA

Siku ya mwisho ya kuthibitisha ilikuwa Jumatatu. Tukakubaliana kukaa Ijumaa baada ya swala. Walikuja bibi yake, mjomba wake ambaye ni dereva wa watalii, na ustadhi wa madrasa aliyomsomesha binti yetu tangu alif. Shangazi yake tulimweka kwenye simu, sauti ikisikika na wote.

Yafaa msomaji aliye mbali aelewe hali ya hapa kwetu. Waislamu wa Karatu ni wachache katikati ya jirani zetu Wairaqw, walio wengi, na wengi wao ni Wakristo. Tunaishi nao kwa wema. Mji wenyewe umekaa juu ya barabara itokayo Makuyuni kwenda lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Kila alfajiri magari ya watalii hupita, na jioni hurudi yamejaa vumbi. Watoto wetu huyahesabu kabla hawajajua kuhesabu kitu kingine. Utalii ndio mwajiri mkubwa wa vijana wetu, na ndio pia mtihani wao, kwani kazi nyingi zilizo karibu ni za hoteli, ambako kijana wa Kiislamu huweza kuambiwa abebe chupa ya pombe au sahani ya nyama ya nguruwe. Wapo waliokubali kwa dhiki, na wapo walioacha kazi kwa ajili hiyo wakarudi shambani.

Mjomba wake alianza na hilo hilo. "Mimi nimekula mkate wa utalii miaka mingi," alisema. "Sitaki mpwa wangu aupitie mlango niliopitia mimi." Bibi akaunga mkono. Shangazi, kutoka Morogoro, akasema chumba kiko tayari na mapazia amekwisha kuyafua. Mimi nikarudia habari ya Mlimani. Mama akarudia yake. Tulizunguka hivyo kwa zaidi ya saa nzima, kila mmoja akisema jambo la kweli, na hakuna aliyemsogelea mwenziwe hata hatua moja.

Ndipo ustadhi, ambaye alikuwa kimya, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Alikuwa jikoni. Tulikuwa tumemtuma chai.

ALIYEULIZWA MWISHO

Aliketi karibu na bibi yake, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mkinipeleka Dar es Salaam nitakwenda. Mama, mkinipeleka Morogoro nitakwenda kwa moyo mkunjufu. Lakini mmeniuliza." Kisha akasema anataka Mweka.

Alieleza sababu zake kwa utulivu ulioniaibisha. Alisema kwamba shule ya sekondari iliwahi kuwapeleka Ngorongoro, wakateremka kreta, ile bonde yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260. Huko aliwaona wanawake wawili wageni wakiwa na madaftari, wakihesabu wanyama na kuandika. Akamuuliza mwalimu wao wanafanya nini, akajibiwa kuwa ni watafiti. "Nilitazama upande wa pili," alisema, "nikaona dada wa mtaani kwetu anapanga vikombe vya chai vya watalii. Nikajiuliza, kwa nini sisi tulio hapa tunapanga vikombe, na waliotoka mbali ndio wanaoandika?"

Kisha akamtaja mwanafunzi mwenziwe wa bwenini, mtoto wa wafugaji wa ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikusudiwa kuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja, katika eneo lenye zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Tangu mwaka 2022, baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango wa serikali wa kuwahamisha wakazi kwa hiari, mpango ambao umezua mjadala mkali ndani na nje ya nchi. Familia ya mwenziwe ilikuwa katikati ya mjadala huo, baba akitaka kuondoka na babu akikataa. "Kila aliyekuja kuzungumza nao," binti yetu alisema, "alikuja na takwimu za malisho na maji na idadi ya wanyama. Hakuna mtu wa nyumbani kwao aliyeweza kuzisoma akasema hii ni sawa na hii si sawa. Mimi sijui nani ana haki. Nataka kuwa mtu anayeweza kujua."

Hakuna aliyesema neno. Bibi yake alikuwa amemshika mkono.

FARADHI ISIYO NA WATU

Nilimgeukia ustadhi nikitarajia aturudishe Morogoro. Alisema kwamba chuo cha Waislamu ni amana, na kila mwenye uwezo akiunge mkono kwa mali na kwa watoto. Lakini akatukumbusha jambo ambalo Imam al-Ghazali amelieleza katika Ihyaa Ulumid-Din, katika mlango wa elimu. Zipo elimu ambazo ni faradhi ya kutosheleza: zikijulikana na baadhi ya Waislamu, wengine wamesalimika, zikikosa mtu, jamii yote ina lawama. Imam alisikitikia miji ya zama zake ambayo haikuwa na tabibu Mwislamu, ilhali watu walisongamana katika elimu nyingine ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. "Sasa tujiulize," ustadhi alisema. "Walimu wanahitajika, na Alhamdulillah wanapatikana, japo hawatoshi. Je, katika wilaya hii na ile ya jirani, ambako maisha yote yanategemea hifadhi, mnamjua Mwislamu mmoja wa kike mwenye elimu ya wanyamapori?"

Akaendelea kusema kwamba elimu hii si ngeni kwa Uislamu. Allah anatufahamisha katika Surat al-An'am kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama sisi. Sura za Qur'ani zimepewa majina ya ng'ombe, nyuki, sisimizi, buibui na tembo. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haramu, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe, na eneo la Naqi' akalitenga kuwa malisho yaliyohifadhiwa. "Hifadhi," alisema, "Waislamu waliijua kabla ya Lodoare kuwekewa lango."

Mjomba hakuridhika upesi, na sitaki kumdharau kwa hilo. Aliuliza maswali ambayo kila mzazi anapaswa kuyauliza. Masomo ya Mweka huenda pamoja na mafunzo ya porini: atalala wapi, na nani? Atajisitiri vipi? Akihitimu, taasisi za uhifadhi siku hizi zinaendeshwa kwa mfumo wa jeshi-usu: mafunzo yake yakoje, na sare yake ikoje? Hatukuwa na majibu, na mtu asiye na majibu asijifanye anayo. Kwa bahati njema, mjomba huyo huyo alimfahamu mama mmoja wa Kiislamu aliyesomea fani hiyo na sasa anafanya kazi ya utafiti. Akampigia hapo hapo.

Mama yule hakutupamba maneno. Alisema porini ni kazi ngumu, kuna baridi, na si kila mwenzako atajali dini yako. Alisema yeye aliwaeleza wakufunzi wake mapema kuhusu swala na mavazi, kabla ya safari ya kwanza, na hakusubiri mpaka jambo liharibike. Alibeba chupa yake ya maji ya udhu, aliswali kwa kupunguza na kukusanya wanapokuwa safarini, na alilala hemani pamoja na wasichana wenzake. Kuhusu ajira alisema njia ni zaidi ya moja. Wapo wanaovaa sare, na wapo wanaoingia katika utafiti, ufundishaji na uhifadhi unaoendeshwa na vijiji, na kila mmoja aulize masharti ya kazi kabla ya kutia saini. Mwisho alisema jambo ambalo mke wangu alilishika: "Mimi sikupotea, kwa sababu nilikwenda na dini yangu kutoka nyumbani. Niliwaona waliopotea hata katika miji yenye misikiti kila kona."

HESABU YA FEDHA

Ilibaki fedha, nayo haina aibu. Mshahara wa mwalimu mmenijua nao. Tulichukua karatasi tukaigawa safu tatu, moja kwa kila chuo. Tukaandika ada, malazi, chakula, vitabu, nauli na gharama za mafunzo kwa vitendo. Ilidhihirika kwamba nauli peke yake inabadili hesabu. Kwenda Moshi kutoka Karatu ni safari ya kutwa moja isiyokamilika, kupitia Arusha. Kwenda Morogoro ni kupita Babati, Kondoa na Dodoma. Dar es Salaam ni mbali zaidi, na maisha yake ni ghali. Morogoro ilipata nafuu kubwa kwa nyumba ya shangazi. Mweka ilipata nafuu ya ukaribu, lakini mafunzo ya porini yana mahitaji yake: viatu, mavazi ya baridi, begi.

Binti alikuwa ameomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Hapa pana ugumu ambao wazazi wengi hawauoni mapema: mara nyingi majina ya waliopangiwa mikopo hutoka baada ya muda wa kuthibitisha udahili kupita. Unachagua chuo bila kujua utapata kiasi gani, au kama utapata. Tukajiuliza swali moja kwa kila safu: mkopo usipokuja, au ukija nusu, chuo hiki tutakimudu kwa mwaka wa kwanza? Tulipata jibu la ndiyo kwa Morogoro. Tulipata jibu la ndiyo kwa Mweka, ikiwa tutauza ng'ombe mmoja na mjomba akisaidia, naye akasema atasaidia. Kwa Dar es Salaam jibu lilikuwa hapana, na hapo ndoto yangu ya ujana nikaizika kwa heshima.

Bibi aliuliza kuhusu riba. Ni swali la haki, kwani kwa miaka kadhaa mikopo hiyo ilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na Waislamu wengi waliihofia. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ustadhi alitushauri tusome mkataba wote kabla ya kusaini, na linalotutatiza tuwaulize wanachuoni, wala tusitegemee maneno ya mitaani.

ISTIKHARA SI NDOTO

Hatukupiga kura. Ustadhi alimwambia binti aswali istikhara, na sisi wazazi tuswali pia. Akatusahihisha kosa lililoenea: watu husubiri ndoto, waone kijani au waone moto. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha masahaba zake istikhara katika mambo yao yote, kwa uzito ule ule aliowafundishia sura ya Qur'ani, na dua yenyewe inaomba Allah alifanye jepesi jambo lenye kheri na aliepushe lenye shari. Mtu hushauriana, huswali, kisha huendelea na lile alilolielekea, akiridhika kuwa likifunguka ni kheri na likifungika ni kheri.

Jumapili jioni mke wangu alikuja kukaa nami uani. Alisema moyo wake bado unataka Morogoro, na huenda ukaendelea kuitaka. "Lakini nimejiuliza," alisema, "naitaka kwa ajili yake, au ili mimi nilale usingizi?" Nilimwambia kwamba swali hilo mimi nimekwisha kuulizwa, na jibu langu halikunipendeza. Tukamwita binti. Hatukumpa masharti mengi: swala kwa wakati wake, kupiga simu nyumbani kila Ijumaa, kuwatafuta wanafunzi wa Kiislamu wenziwe wiki ya kwanza, na kutunyamazia jambo lolote asithubutu, hata liwe la aibu. Kisha nikampa lile daftari, nikamwambia namba iko nyuma, aingize kwa mkono wake. Aliingiza. Ikawa Mweka.

Bibi yake alipoambiwa alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi mnunulieni sweta zito."

KWA WAZAZI WENZANGU

Sisemi kwamba kila binti wa Kiislamu aende porini, wala kwamba MUM isubiri. Mdogo wake yuko kidato cha nne na anapenda sheria. Mama yake amekwisha kumwonyesha njia ya Morogoro, nami siipingi. Lililo haki kwa mtoto mmoja huenda lisiwe haki kwa ndugu yake. Ninalosema ni kwamba chuo tusikichague kwa jina lake, kwa hofu yetu, wala kwa ndoto zetu zilizokwama. Tukae naye, tumuulize kwanza, na tumsikilize kama mtu mzima atakayesimama mbele ya Allah kwa elimu yake mwenyewe.

Yapo na mambo madogo yaliyotugharimu, nayo nayaacha hapa ili yasiwagharimu wengine. Namba ya simu katika fomu ya maombi iwe ya mwombaji au ya mzazi, si ya mwenye duka. Nywila ziandikwe na zitunzwe. Ujumbe wa namba ya siri usipofika, ingieni mapema katika mfumo wa udahili wa chuo mlichoomba, muombe kutumiwa tena, msingoje siku ya mwisho. Hakikisheni kuwa chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na TCU. Linganisheni programu kwa programu, si chuo kwa chuo, kwani shahada mbili zenye jina moja huweza kutofautiana, na zenye majina tofauti zikafika mahali pamoja. Fanyeni hesabu kana kwamba mkopo hautakuja. Na mtafuteni mtu mmoja aliyepita njia hiyo, mwenye dini yenu, mumuulize maswali yenu yote bila haya.

Mkopo ulikuja, haukuwa kamili. Ng'ombe aliuzwa. Muhula wa kwanza binti yetu alikuwa na mawazo mengi ya nyumbani, na kuna Ijumaa moja alilia kwenye simu, mama yake akataka nimfuate. Tulingoja wiki moja. Ijumaa iliyofuata alizungumza kwa dakika ishirini kuhusu aina za nyasi, jambo ambalo sikujua kwamba lina aina.

Kama kheri iko huko, Allah ndiye ajuaye, nasi bado tunamwomba. Najua tu kwamba namba ile imo bado nyuma ya daftari langu, na kila nikiiona hukumbuka usiku ule nilipokuwa nimebakisha mguso mmoja. Allah awaongoze watoto wetu katika vyuo vyote walivyomo, na atujaalie wazazi masikio ya kusikia kabla ya mikono kuamua. Amin.